Kitenge cha Mama Yako na Karatasi ya Umaskini

Dativa,

Umekwenda kusukwa nywele, nami nimefunga cherehani mapema ili niandike haya kabla hujarudi. Ukiwa mbele yangu nitashindwa. Nitaanza kukuuliza kama shuka umeweka, kama sanduku linafunga, nawe utanijibu ndiyo Baba, ndiyo Baba, mpaka basi litakapoondoka. Mambo ya kula vizuri na kutoazima vitu vya watu umeshayasikia kwa shangazi yako wiki nzima, naye ana pumzi kunishinda. Mimi nina jingine. Naliandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichosomea kule Karagwe, na kwa sababu Kinyarwanda changu cha kuandika ni cha mtoto wa darasa la kwanza. Nikikasirika, nakasirika kwa Kiswahili.

Tangu urudi kutoka bweni umeniuliza maswali mawili. La kwanza, kile kitenge cha marehemu mama yako kiko wapi. La pili, kwa nini Nyogokuru, bibi yako wa chumba cha nyuma, haji tena kwetu. La kitenge nilikujibu kwamba panya walikiharibu. La Nyogokuru nilikujibu kwamba miguu inamuuma. Uongo, yote mawili. Ukweli ni mmoja tu kwa maswali yote mawili, na nimeona bora uupate kwangu, maana kesho unakwenda Kibuye kukaa kwenye meza ya kituo cha afya, ile meza ya mlangoni ambako mgonjwa hata hajakaa vizuri anaulizwa: una hela, au una karatasi?

Hiyo karatasi ndiyo nataka kukusimulia. Kazini utaitamka kila siku mpaka ulimi uizoee. Huku kwetu watu huiita karatasi ya umaskini. Mzee asiye na kitu akiumwa, hospitali inamwambia akalete karatasi ya komini, ofisi ya serikali ya hapa kwetu, inayosema kwamba kweli hana kitu, ndipo atibiwe bila kulipa. Ukiisikia hivyo, ni jambo jema. Hata mimi nilisema ni jambo jema. Ila uliza inavyopatikana. Unaanza kwa nyumbakumi, halafu seli, halafu unasimama sekta mbele ya konseye, mkuu wa sekta, na majirani wameketi kwenye mabenchi, na wanaulizwa: jamani, huyu ni maskini kweli? Ana mtoto? Ana mbuzi? Mtu amelima miaka yote, amezika watu wake kwa heshima, leo anasimama mbele ya vijana aliowaona wakizaliwa na kuwaambia, mimi sina kitu, nihakikisheni. Wengine walikuwa wanageuka mlangoni na kurudi kufa nyumbani kwao. Sitanii.

Mimi niliingiaje humo? Kwa kiherehere, basi. Mzee mmoja wa Kanzenze aliniletea suruali nimtilie kiraka, akakaa kibarazani anahema, nikamuuliza kwa nini haendi hospitali. Akasema haogopi sindano, anaogopa benchi la sekta. Nikafunga duka, nikaenda naye, nikamsemea. Akapata. Wiki iliyofuata wakaja wengine. Wewe ulikuwa shuleni, hukuyaona. Kibaraza changu kilijaa wazee kuliko wateja. Nilijua konseye anakuwa na hasira siku gani, nilijua muhuri wa komini unakuwepo saa ngapi. Na nilikuwa napenda, Dativa. Kupita sokoni na kusikia bikizee anasema nyuma yangu, fundi yule, Mungu amjalie. Nilipenda mno.

Nikajifunza na ufundi wake. Konseye haangalii uso, anaangalia nguo. Basi nikawa nawaambia wazee: njooni kama mlivyo, msifue, mwenye viatu aviache nyumbani. Mzee mmoja alikuwa na koti zuri, la mwanawe aliyekufa, hana nguo nyingine ya baridi. Nikamwambia, ukiwa na hilo koti hutapewa. Hakutaka kulivua. Unajua nilifanya nini? Nilichukua wembe nikafumua pindo la chini, likaning'inia, nikafumua na mfuko mmoja. Yeye amesimama ananyoosha mikono kama mtoto anayepimwa sare. Alipewa karatasi siku hiyo hiyo. Jioni akarudi nimshonee tena pindo la mwanawe, nikamshonea, hatukutazamana. Fundi cherehani mzima, kazi yangu kumfanya mtu apendeze, nikawa bingwa wa kuwafanya watu waonekane hovyo. Na wakawa wananishukuru!

Sasa Nyogokuru.

Jina lake la kuzaliwa ni Nyirabagenzi, wewe hulitumii maana tangu mwanzo umemwita Nyogokuru kama bibi wa damu. Tulipofika hapa kutoka Karagwe, mama yako tumeshamzika kule, wewe hujui Kinyarwanda hata cha kuomba maji, yeye alikuwa anaishi chumba cha nyuma. Risasi zilikuwa zimemtoa Busasamana, vita vimemmalizia watoto wote. Hakutuuliza sisi ni nani, wala tumerudi na nini. Alikushika mkono akakupeleka kumenya viazi. Ndiye aliyekufundisha kusalimia, ndiye aliyekukaripia ulipokula umesimama. Mimi aliniita mwana wangu. Umri ule, mvi hizi, na kuna mtu ananiita mwana wangu! Jioni anaingia bila hodi, anafunua sufuria, anasema, "Bon, leo mulipika nini, ama mulichemusha maji tu?" Kwake biashara ya mpakani ilikuwa imemwachia Kiswahili cha Goma, akikisema hata mwenye huzuni anacheka.

Mwaka uliokuwa wa mwisho wako shuleni, miguu yake ikaanza kuvimba. Kutoka kisimani alikuwa anakaa njiani mara kwa mara. Nikampeleka hospitali. Wakasema ni moyo, dawa ipo, lakini ni ya kila siku mpaka mwisho wa maisha, na kama hana hela alete karatasi. Nikacheka. Nikasema karatasi? Karatasi ndiyo kazi yangu! Tena huyu hana ng'ombe, hana shamba analolifikia, hana mtoto. Nani maskini kama si yeye?

Usiku wa kuamkia siku ya sekta alikuja na nguo zake, anauliza avae ipi. Zilikuwa mbili. Moja imepasuka begani, nyingine imepauka mpaka huijui rangi. Nilikuwa nimeshawaambia watu wasiohesabika, njoo kama ulivyo. Kwake sikuweza kulisema. Nilimwangalia nikamwona amesimama mbele ya yale mabenchi, bega nje, watu wanamhakikisha. Bibi wa mwanangu? Asimame vile? Thubutu!

Nikafungua sanduku, nikatoa kitenge cha mama yako. Kile cha njano na buluu alichonunua akisema atakishona siku tutakayorudi nyumbani, na hakurudi. Nilikata na kushona palepale, Nyogokuru anapinga: "We, unanivalisha sawa bibi harusi? Minaenda kuomba, siendi kuolewa!" Nikamwambia nyamaza, mama. Nikapiga pasi. Asubuhi alitoka amenyooka, kilemba kimekaa, nikasema moyoni, mama yake Dativa angekuwepo angefurahi. Nilijua ninachofanya, mwanangu. Hapo ndipo panaponiuma. Mtu mwingine angekosea kwa kutojua.

Konseye alimtazama tangu juu mpaka chini, akacheka. Yule alirudi kutoka Masisi kule Kongo, unamjua, sasa si konseye tu, ana duka pia. Akawageukia watu wa mabenchi: "Bandugu, huyu njo maskini? Bibi yangu hana kitenge sawa hii!" Watu wakacheka. Nikasema ni mimi niliyemshonea. Nilidhani namsaidia. Akasema, "Bon. Donc iko na fundi wa kumushonea. Kama iko na fundi wa kumushonea, iko na mutu wa kumulipia dawa. Anayefuata!"

Hivyo tu. Nyogokuru aliinuka polepole, akashukuru, unajua adabu yake. Njiani alikuwa ananibembeleza mimi. "Mwana wangu, usikasirike. Nilipendeza, ama sikupendeza?"

Dawa nililipa mwezi huo, nikalipa na uliofuata kwa kuuza ile cherehani ndogo uliyoikosa uliporudi. Kisha nikashindwa. Ada yako ya shule ilikuwa inadaiwa. Sikwambii ili ujione mzigo, nakwambia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na ningechagua hivyo tena. Nyogokuru alianza kulala ameketi. Akilala chali pumzi inakata. Nilikuwa namsikia ukutani akikohoa mpaka kunapambazuka.

Nikarudi kwa konseye. Nikaenda peke yangu kwanza, nimevua kofia, nikamwita mheshimiwa. Akasema sawa, hana neno na mama yule, ila watu walishasikia kwamba ana mtu, kwa hiyo mtu huyo aje aseme mbele ya watu walewale. Nikakubali. Nikamwambia Nyogokuru tutarudi, avae ile iliyopasuka. Sikumwambia nitakachosema. Nilidhani ni maneno ya ofisini, yanaishia ofisini.

Ukaja ule wakati. Yeye kwenye benchi, bega nje, mikono mapajani. Konseye anauliza, "Muzee fundi, sema watu wasikie. Huyu mama iko nani kwako?"

Nikasema, "Si mtu wangu. Ni jirani tu."

"Iko na mutu mwingine?"

"Hana mtu. Hana hata mmoja."

Nililisema kwa sauti, Dativa, maana nilitaka wa nyuma nao wasikie, nisirudishwe tena. Konseye akaridhika. Akaandika. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimtazama Nyogokuru, naye alikuwa anaangalia mikono yake, anaigeuzageuza, kana kwamba kuna kitu kimemwanguka humo.

Karatasi ikatoka. Muhuri wa komini ukapigwa. Tulirudi, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika pale njia inapokata kwenda chumbani kwake alisimama, akageuka, akasema, "Asante, Fundi."

Fundi. Hajaniita mwana wangu tena tangu siku hiyo.

Dawa anapata. Miguu imeshuka, analala chali. Kama ni ushindi, basi nilishinda. Lakini kwetu hakukanyaga tena. Nilimpelekea viazi vya Bugeshi, akavipokelea mlangoni, akaniambia kwa upole kabisa, "Fundi, usikuje sana. Watu wataona. Mi njo ile mutu haina mutu. Wakiona niko na watu, watanipokonya karatasi." Sikujua kama ananisuta au anaogopa kweli. Mpaka leo sijui. Nadhani yote mawili. Na wewe ulipokwenda kumsalimia akakuambia rudi nyumbani mtoto, jua linazama, kumbe saa nane mchana. Ulilia, nilikuona. Ulidhani umemkosea nini. Hukumkosea kitu. Alikuwa anafanya kazi ya kutokuwa na mtu, kazi niliyomwandikisha mimi.

Nina hasira, sikufichi. Na konseye, ndiyo, na lile benchi, na waliocheka. Kuna mwenye ng'ombe watatu aliyepata karatasi ileile kwa sababu ni shemeji ya nani sijui, na anaitoa hospitali bila kupepesa jicho. Nina hasira pia na huyo aliyekaa mahali akaamua kwamba ili mzee apewe dawa lazima kwanza athibitishe kwamba hapendwi na yeyote. Lakini konseye hakumwambia kwamba hana mtu. Aliyesema ni mimi, kwa mdomo huu uliokula ugali wake.

Wewe utakaa upande wa pili wa meza. Sitakudanganya kwamba utabadilisha kitu. Wakikuambia bila karatasi hakuna dawa, utasema bila karatasi hakuna dawa, vinginevyo watakuondoa wamweke mwingine anayesema kwa kelele zaidi. Ila atakuja bikizee amenyooka, amepiga pasi, kilemba kimekaa. Wenzako watanong'ona, tazama huyo, naye anataka bure. Dativa, msafi si tajiri. Pengine hiyo ndiyo nguo yake ya mwisho na kuna mpumbavu mmoja mahali amekesha akimshonea. Inuka kwenye hicho kiti. Zunguka meza, msogelee, muulize kwa sauti ya chini, kama unavyomuuliza mtu wako. Karatasi itakuwa ileile, lakini benchi halitasikia.

Na ukiona umekuwa hodari sana, mpaka mtu akiingia tu umeshamjua ni wa bure au wa kulipa, hapo ujitazame. Mimi nilikuwa hodari sana.

Haya, naanza kuhubiri, na shangazi yako ameshamaliza mahubiri yote ya mji huu. Nikwambie lililonifanya nishike kalamu.

Leo mchana, ulipokuwa umeenda kukata tiketi, Nyogokuru alikuja. Aliingia bila hodi. Nilikuwa nashona, sindano ikanichoma kidole. Ana mfuko wa nailoni, akatoa humo kile kitenge, kimekunjwa vizuri, kina makunyanzi ya kukaa. Akasema, "Fundi, washa pasi. Kesho minasindikiza mujukuu wangu."

Nikamwambia, mama, basi linaondokea pale mbele ya duka la konseye. Akasema anajua lilipo, yeye si kipofu. Nikamkumbusha kwamba karatasi inakwisha mwezi ujao, na wa kuiandika upya ni yuleyule. Akakaa kwenye kigoda chake, kile ambacho sikuwahi kukiondoa. Hapo nikafanya jambo la aibu, na nitaliandika pia. Nikamwambia anaweza kuja na ile nguo nyingine, asimame ng'ambo ya barabara, akupungie mkono tu, wewe utamwona. Bado nilikuwa fundi wa karatasi, unaona? Hata pale.

Akasema, "Minakunywa dawa yao juu ya kupumua. Sasa nikipumua na mutoto anaenda bila mi kumusindikiza, minapumua ya nini?" Kisha akanyoosha kidole kwenye jiko: "Mukaa iko? Ama nikatafute?"

Niliwasha pasi. Alinisimamia nyuma, ananionyesha palipobaki kunyanzi, ananigombeza kwamba pindo moja limepanda, nililishona vibaya usiku ule. Kweli limepanda. Nikalifumua nikalishona upya, yeye anasubiri. Kuna kikohozi kidogo bado, nilikisikia. Akifutiwa karatasi sijui tutafanyaje. Sikuandikii hapa kwamba Mungu atafungua njia, maana konseye naye anasali, tena benchi la mbele. Nitakwenda tena sekta. Nitakaa palepale. Wakiniuliza ni nani kwangu, safari hii nitawajibu, na wakikataa, nitarudi na kesho yake, na keshokutwa, wachoke wao.

Kitenge kiko juu ya kiti changu sasa, kimenyooka. Asubuhi atapita kukichukua. Wewe usiguse, utakikunja.

Kituoni patakuwa na watu wengi, unapajua, wabeba mizigo, wanawake wa mpakani, askari, na konseye huwa anafungua duka saa hizo. Ukimwona anakuja, usimsubiri afike. Mkimbilie, na umwite Nyogokuru, kwa sauti yako yote, mpaka yule mtu atoke nje kuangalia kuna nini. Mimi nitakuwa nimeshika sanduku lako. Nitamwita Mama.

Baba yako.